Sauna Niliyoizima kwa Kalamu

Shamba la Rautio,
Kivilampi, Kaunti ya Tamarak,
Minnesota.
Jumapili, 14 Oktoba 2018.

Mpendwa Bibi Taimi,

Leo naanza na jambo lililopaswa kuja mwisho, kwa sababu likisubiri salamu ziishe najua nitalikimbia. Sijamwambia mtu yeyote. Nilimwonea aibu Babu Reino. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na aibu hiyo ndiyo iliyozima moto katika sauna mliyozaliwa, wewe na yeye ndugu yako. Watu wawili wanajua sasa nilichofanya, lakini kwa nini nilikifanya hakuna anayejua, na juzi Ijumaa Babu aliponiuliza uso kwa uso nilikana.

Sasa salamu, na unisamehe kwa kupindua mambo. Hujambo, Bibi? Nyonga inaendeleaje? Shangazi Lorraine alituandikia kwamba siku hizi unatembea hadi duka la mikate bila kuegemea mkongojo, ila unaubeba ili kuwatisha mbwa wa jirani. Tulicheka sana. Natumaini joto la Florida limepungua na unalala vizuri.

Sisi huku wazima. Mama bado anafanya zamu za asubuhi kwenye makao ya wazee, na Baba yuko na lori lake mgodini. Theluji ya kwanza ilianguka Jumatano, ikayeyuka kabla ya chakula cha mchana. Babu ana afya, ila amekuwa mkimya, na wewe wajua kwamba Babu akizidi ukimya wake wa kawaida huchukua wiki kadhaa mtu kugundua.

Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu ya kile kijitabu cha kamati ya majengo ya kale nilichokutumia Krismasi ya mwaka 2015. Lorraine anasema umekisimamisha jikoni kando ya kopo la kahawa. Ukurasa wa nne kuna maneno yako, uliyonisimulia kwa simu: jinsi mama yenu alivyotembea mwenyewe hadi sauna asubuhi ya Machi, mwaka 1931, akiwa na taulo na mkasi, akarudi nyumbani jioni akiwa na wewe. Maneno hayo ni ya kweli, na mstari unaoyafuata ni uongo. Uongo huo ni wangu, na jina lako limechapishwa juu yake.

Nikueleze ulivyotokea. Mwaka huo Mwalimu Marlys Hovland alikuwa anatufundisha historia, hajastaafu, na tayari alikuwa mwenyekiti wa kamati ya majengo ya kale ya kaunti. Alituomba kila mmoja atafute jengo linalostahili kuhifadhiwa, ajaze fomu. Nilisoma orodha ya majengo ya kamati mara mbili, kama nisomavyo kila kitu. Kulikuwa na kinu kisichosaga, shule isiyo na wanafunzi, kituo cha treni ambacho reli yake iling'olewa zamani. Nikaamini kwamba jengo la urithi ni lile lililomaliza kazi yake.

Sauna yetu ilikuwa haijamaliza. Babu aliiwasha kila Jumamosi, mawe yapate moto tuoge kwa mvuke wake, kama ilivyowashwa tangu babu yenu Heikki aijenge mwaka 1904, na kwa kuwa haina bomba la moshi, moshi wote ulikaa ndani saa sita nzima kabla hajaufungulia. Jumatatu nilipopanda basi la shule harufu ilikuwa bado nyweleni. Tanner Bakke alikuwa akikaa nyuma yangu. "Nani kabanikwa?" anauliza, na basi zima linajua jibu. "Si mjukuu wa yule mzee anayeoga ndani ya jiko? Akitoka ni mweusi kuliko alivyoingia."

Siku moja Babu alikuja kunichukua shuleni. Taulo shingoni, masizi kwenye sikio, akasimama mlangoni akisalimia kila mtu kwa Kifini. Niliinama nikajifanya natafuta kitu mkobani mpaka wenzangu wote walipoondoka. Babu alisubiri. Aliniuliza kama nimepoteza kitu, nikasema kalamu.

Wiki hiyohiyo nilijaza fomu. Swali la saba liliuliza: Je, jengo bado linatumika? Niliandika: Hapana. Halijatumika tangu 1987. Mwaka huo niliutoa kwenye kalenda ya duka la mbegu iliyotundikwa chumba cha kuvulia nguo cha sauna, ambayo hakuna aliyeishusha kwa sababu wote tunampenda yule farasi wa kwenye picha. Nadhani nilitaka sauna iwe kitu cha vitabuni, kitu ambacho zamani watu walifanya, na Babu awe mtu asiyekifanya tena.

Babu alivaa miwani, akaishika fomu muda mrefu. Akaniuliza, "Umeandika vizuri?" Nikasema, "Ndiyo, Babu." Akatia sahihi. Shati lake lilinuka moshi.

Mwalimu alikuja kukagua siku ya Jumatano, mawe yakiwa baridi, Babu akiwa kwa daktari wa meno. Ndani kulikuwa kweusi kotekote, na masizi hayaandikwi tarehe. Aliinakili kalenda kwenye daftari lake. Kwa sababu ya lile "hapana", sauna ikaingizwa kwenye daraja la majengo yaliyopumzika. Masharti ya daraja hilo ni matatu: hakuna moto, hakuna maji, na kamba ifungwe mlangoni.

Siku ya kubandika kibao cha shaba watu walijaa uani. Mama alioka mkate wa iliki, sahani nne. Mwalimu aliposoma masharti, Babu alikuwa amesimama na kikombe chake cha kahawa. Aliuliza neno moja tu: "Hata Jumamosi?" Watu wakacheka, wakidhani anatania. Nami nikacheka pamoja nao, Bibi. Nakumbuka nilivyocheka.

Tangu siku hiyo Babu huoga kwa Baba Mdogo Wayne, kwenye sauna ya umeme iliyoko chini ya nyumba yake. Hukaa robo saa, anarudi. Wayne humsubiri ngazini amchokoze. "Vipi Mzee, joto limekutosha?" "Lingetosha siagi," Babu anamjibu, anavaa kofia, anaenda zake.

Sasa sikiliza yaliyoipata sauna. Mwaka wa kwanza harufu ya moshi ilipungua. Mwaka wa pili ukungu mweupe ukatokea nyuma ya benchi, na panya wakatengeneza kiota kwenye tundu la kutolea moshi. Mwaka huu wakaja sisimizi, wale weusi wakubwa wanaochimba mbao. Nilitafuta vitabuni dawa ya kuyatibu magogo. Nilisoma kurasa nyingi sana kabla sijaelewa kwamba dawa ilikuwepo: ule moto wa Jumamosi. Kila wiki, kwa miaka mia moja na kumi na moja, ulikuwa unayakausha magogo na kuwafukuza wadudu. Kamati iliukataza ili kuilinda nyumba. Isingeukataza kama mimi ningeandika neno "ndiyo".

Mwezi uliopita kamati ilimtuma fundi. Alichukua bisibisi akaisukuma kwenye gogo la chini kabisa, upande wa kaskazini, ikazama mpaka kwenye mpini. Hakutumia nguvu. Akaichomoa, akaifuta kwenye suruali, akasema, "Samahani, Mzee," kana kwamba amemkanyaga mtu.

Pendekezo lao ni hili, na linapigiwa kura keshokutwa Jumanne jioni: sauna ibomolewe gogo kwa gogo, ipelekwe uwanja wa maonyesho ya kaunti mjini, ijengwe upya ndani ya ukumbi. Mahali pa magogo mabovu yatawekwa mapya. Mbele watatia kioo, na chini ya mawe watatia taa nyekundu ionekane kama moto.

Wayne aliposikia habari ya taa alishindwa kumeza kahawa. "Mzee, na wewe watakuchukua," akasema. "Wakukalishe kwenye benchi na taulo lako, watoto wa shule wakupige picha."

"Taulo la nini?" akauliza Babu.

Tulicheka wote mezani, Mama mpaka akafuta machozi. Kisha Babu akainuka, na dirishani nikamwona anakwenda kwenye sauna. Hakuivuka kamba. Alisimama nje, akaweka kiganja ukutani, kama mtu anavyompima ng'ombe homa. Usiku ule sikusoma kitu.

Alhamisi baada ya masomo nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu Hovland. Nilikuwa nimeandika ninayotaka kusema kwenye karatasi, lakini nilipofika mlangoni nikampa karatasi aisome mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama. Nilikuwa nimeandika kwamba jibu la saba si la kweli, na kwamba lilikuwa kosa langu la kitoto. Sababu sikuiandika.

"Helmi," akasema, "unajua nilisimama mbele ya kamati nikawaambia hii ndiyo fomu safi kuliko zote nilizowahi kupokea?"

Nikasema najua. Ilikuwa imechapishwa kwenye kijitabu.

"Ungeweka alama kwenye kisanduku cha pili tu. Kuna daraja la majengo yanayotumika. Mwenyewe anakaguliwa na zimamoto mara moja kwa mwaka, basi. Kile kinu cha Wajerumani kule mtoni, kinachosaga hadi leo, kimo." Akakaa chini. Ilionekana kama amechoka ghafla. "Sasa nikiwaambia, wanaweza kuibadilishia daraja. Wanaweza pia kuifuta kabisa, kwa kuwa ombi lilikuwa na uongo. Kibao kitaondolewa, na msaada wa kutengeneza gogo hautakuwepo. Unalielewa hilo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na fomu mpya itauliza mara ya mwisho kutumika ni lini. Utajibu nini, miaka mitatu iliyopita?"

Alinitazama, kisha akatazama dirishani. "Siwezi kukwambia mwashe moto. Mimi ni mwenyekiti. Lakini nyumba ni ya Reino, na Jumamosi mimi hushinda hapa ndani. Moshi wa watu siuoni." Akanisindikiza mlangoni. "Sisi Wanorwei tunaoga kwa maji tu, na tumekuwa wasafi vilevile. Mwambie hivyo."

Ijumaa nilimwambia Babu. Alikuwa anamenya viazi. Nilimweleza swali la saba lote, kalenda na kisanduku cha pili na kura ya Jumanne. Hakuacha kumenya.

"Nililisoma," akasema.

Sikumwelewa.

"Fomu yako. Nilivaa miwani, si uliona? Nililisoma hilo jibu." Akatupa ganda. "Nikasema moyoni, mtoto anaona aibu. Basi asione aibu. Sauna ni magogo." Kisha akaniangalia. "Ulikuwa unaona aibu?"

Nikasema, "Hapana, Babu. Nilikosea tu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, akaendelea na viazi. Miaka mitatu ameoga kwenye ule mfano wa kabati la umeme kwa ajili ya jambo alilodhani ni kweli, na lilikuwa kweli, nami nikamwambia alikosea. Ndilo nililotaka kukwambia mwanzoni mwa barua.

Jana asubuhi, saa mbili, Babu mwenyewe aliifungua kamba. Hakuikata. Alifungua fundo, akaikunja vizuri, akaitundika kwenye msumari wa kalenda, juu ya farasi. Wayne alileta mpira wa maji na ndoo sita, akazipanga pembeni. Kiota cha panya nilikitoa mimi.

Babu alikataa kuni kubwa. Alisema mawe yamekunywa maji miaka mitatu, ukiyaharakisha yanapasuka. Tukawasha vijiti kwanza, saa nzima vijiti tu, kisha kuni nyembamba za ule mti wa gome jeupe. Hata hivyo jiwe moja lilipasuka kwa kishindo, na Wayne akaruka akamwaga ndoo juu ya viatu vyake. "Huyo ni Heikki," Babu akasema. "Anauliza mlikuwa wapi."

Moshi ulipojaa, sisimizi wakaanza kutoka kwenye lile gogo la kaskazini. Walitoka kwa mstari, wamebeba mayai yao, wakapita kati ya miguu yangu kuelekea kwenye nyasi. Walitoka kwa dakika arobaini, nilihesabu kwa saa. Magogo yalianza kutoa jasho, matone meusi, na kufikia adhuhuri yakakauka. Gogo bovu halikupona, Bibi, sitaki ufikiri hivyo. Bisibisi ingezama leo kama ilivyozama siku ile. Lakini mengine kumi na moja ya upande ule ni mazima, Babu ameyagonga yote kwa kinyundo akisikiliza.

Saa kumi jioni moshi ulikuwa umetoka na mawe yanangoja. Babu aliingia peke yake kwanza. Mimi na Mama tulikaa chumba cha kuvulia nguo, tukasikia kata moja ya maji ikimwagwa, na mawe yakiipokea. Kisha kata ya pili. Mama alinishika mkono.

Alipotoka alikuwa mwekundu, na masizi begani. Tulingoja aseme neno. Akasema, "Benchi la chini limelegea. Kesho nitahitaji misumari."

Usiku nilijaza fomu mpya. Swali la saba: Ndiyo. Mara ya mwisho kutumika: Jumamosi, tarehe 13 Oktoba 2018, saa kumi jioni. Aliyetumia: Reino Rautio, aliyezaliwa humo. Kwenye nafasi ya marekebisho nimeandika kwamba jibu la mwaka 2015 lilikuwa uongo na mwandishi wake ni mimi. Jumanne nitalisoma mwenyewe mbele ya kamati. Wewe unajua nilivyo mbele ya watu, hata sala ya chakula hunishinda. Sijui watapiga kura vipi. Mwalimu anasema watu watatu wako upande wa kuihamisha, na mmoja wao ameshaagiza kioo.

Nakuomba kitu kimoja. Chukua kalamu, fungua ukurasa wa nne, ukate mstari ulio chini ya maneno yako, ule unaosema sauna haijatumika tangu 1987.

Mama anakusalimu sana, atakutumia mkate wa iliki ukipoa vizuri. Baba naye anakusalimu. Wayne anauliza kama huko Florida watu huwasha sauna au hukaa tu nje. Wasalimie Shangazi Lorraine na mwanawe Kyle, na yule jirani mwenye mbwa.

Hapo juu, nilipomaliza kuandika jina la Kyle, niliiweka kalamu chini na kwenda kwenye sauna. Babu alikuwa amepiga magoti mbele ya benchi, misumari mdomoni. Nilimwambia kwamba Ijumaa nilisema uongo, kwamba ndiyo, nilikuwa naona aibu, na si ya sauna, ni ya kwake, siku ile mlangoni mwa shule na taulo. Alitoa misumari mdomoni.

"Na kalamu?" akauliza. "Uliipata?"

Nikasema sikuwa nimepoteza kalamu.

"Haya. Shika hapa." Nikashika ubao, akapigilia misumari minne. Nilitoka hapo nikatembea hadi kwa Mwalimu, nikaitia fomu kwenye sanduku lake la barua, na nimerudi sasa hivi kumalizia hii.

Mungu akutunze, Bibi, na aitunze nyonga yako.

Ni mimi mjukuu wako nikupendaye,
Helmi